Jicho Moja la Ernestine

Mama mkwe wangu ana jicho moja leo.
La pili limelala chini ya pamba na plasta,
lilipasuliwa juzi kule Whitehorse,
na daktari akaonya: usiiname, usibebe, usitazame sana.
Hilo la mwisho, heri angeuambia mto usitiririke.

Tuna barabara ya kokoto isiyokwisha,
matairi mawili ya akiba, dumu la dizeli,
nyama kavu ndani ya mfuko wa mkate.
Mimi nashika usukani.
Yeye anashika kila kitu kingine.

"Pale," anasema.
Naona misonobari iliyokonda kama njiti za kibiriti.
"Pale. Unapita. Umeshapita."
Narudi kinyumenyume, injini inanung'unika,
na ndani ya maji meusi amesimama
kulungu mkubwa wa vinamasi, pembe zake makasia,
magugu yakimning'inia mdomoni
kama mtu aliyeingiliwa mezani bila hodi.
Akatafuna. Hakututia maanani.

Ernestine anaandika nyuma ya bahasha ya hospitali,
mwandiko unarukaruka na mashimo ya barabara:
dubu, mmoja, mweusi.
Anageuka, anachungulia dirisha la nyuma, anafuta.
Dubu, mmoja, wa kahawia, ana nundu.
Kwale, saba, matumbo yameanza weupe
na theluji haijaanguka hata punje.
"Hawa hawangoji redio iwaambie," anasema.

Nimezaliwa huku. Miaka arobaini na miwili.
Boliti za lori hili nazijua gizani kwa vidole,
lakini macho yangu mawili mazima
kazi yao ni kukusanya vumbi.
Mbweha nilimwona alipokuwa mkia tu.

Siku ya pili, juu ya mlima usio na mti,
nyika imewaka nyekundu mpaka ukingo wa mbingu.
"Simama."
Sikuuliza. Hapa ndipo kaka yake, Abe,
alipokuwa akipiga hema kila Septemba
kungoja kulungu washuke kwa maelfu,
ardhi ikitembea, alivyopenda kusema,
ardhi yenyewe ikiinuka na kutembea.
Abe hayupo tena. Hema tunalo, chini ya kiti,
hakuna aliyethubutu kulikunjua.

Tukangoja.
Chai ikapoa kwenye kifuniko cha chupa.
Upepo ukatafuta tundu la sikio ukalipata.
Wakaja watalii wawili, Wajerumani nadhani,
kamera yao ndefu kama bomba la jiko.
"Mnaona nini?" wakauliza.
"Bado," akajibu Ernestine.
Wakasimama nasi dakika kumi,
wakitazama bado,
kisha wakaaga kwa adabu wakaenda zao.

Saa ya tatu akaninyooshea kidole:
kile kichaka cha mierebi, nenda.
Nikaenda. Kwenye tawi, kishungi cha manyoya,
meupe, makavu, kila unywele mtupu ndani kama mrija.
Nikamletea kiganjani.
Akakipuliza, kikaruka, hakikuwa na haraka ya kutua.
"Walipita usiku," akasema.
"Sisi tulilala hotelini, tukalipia na kifungua kinywa."

Hakuandika kitu.
Kilomita sitini hakuandika kitu,
bahasha imekunjwa gotini, kalamu imefungwa,
na mimi nikaona jinsi lori lilivyo na kelele.

Tulipoanza kuteremka kuelekea kivuko,
mvua nyembamba ikichora kioo,
nikakiona upande wa kushoto, kimejikunyata,
kijivu, bega juu, kichwa chini.
Nikakanyaga breki mpaka chupa zikabingirika.
"Pale!" nikapiga kelele. "Mama, pale!"

Akageuza shingo yote kufuata jicho lake.
Akatazama. Mvua ikaendelea.
Nami nikakitazama tena, na kadiri nilivyokitazama
ndivyo kilivyozidi kutokuwa na miguu.

Ernestine akafungua kalamu,
akainyoosha bahasha juu ya goti,
akaandika polepole, herufi zilizosimama wima:
jiwe, moja.