Hodi ya Tatu

Saa tisa za usiku, Kemi, kiwanda cha karatasi.
Nje ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na Sinikka Haapasalo amevua viatu:
sakafu iliyo juu ya seva ina joto kuliko nyumbani kwake.

Mifumo miwili haisemezani.
Huu wa likizo, mkongwe, aliuandika mtu
aliyestaafu akaenda kufuga mbwa, hakuacha maelezo.
Ule wa idhini, mpya, ulinunuliwa Oktoba,
unajua kila kitu isipokuwa sisi.
Kati yao kuna kiunganishi: mshenga
asiyemjua bibi wala bwana, ajuaye anwani tu.

Sinikka anampa anwani. Anampa namba ya mlango,
jina la mtumiaji, nenosiri,
cheti kipya badala ya kile kilichokwisha muda
bila mtu kuambiwa,
maana onyo lilitumwa kwa yule mwenye mbwa.

"Kipige hodi mara ngapi?" ananiuliza.
Kisanduku kitupu kinasubiri tarakimu.
Nasema tatu. Pengine ni adabu tu:
ukibisha mara tatu kukawa kimya, unageuka,
hubaki kizingitini ukimhesabia mtu pumzi.
"Na kati ya hodi na hodi?"
Sekunde thelathini. Muda wa mtu kujifunga vizuri akaja mlangoni.

Hodi.
Kimya.
Hodi.
*Foleni haijulikani.*

Anasogeza uso hadi pua inakaribia kioo.
Herufi moja! Jina la foleni lina a
yenye nukta mbili kichwani, kama tulivyofunzwa shule;
mfumo mkongwe umezimeza nukta,
a imebaki kipara, haitambuliki kwao.
Anazirudisha. Moja. Mbili.

Hodi.

Kijani.

Foleni ikafunguka, maombi arobaini na moja
yakapita mbio kama watoto kengele ikilia:
wiki mbili za Julai, jino, harusi ya mpwa, jino tena,
kisha
*Luttinen, Veikko. Mashine ya tatu.
Siku mbili, tarehe tisa na kumi.
Mazishi ya dada, Rovaniemi.*

Leo ni tarehe ishirini na moja.

Tarehe tisa naikumbuka. Nilimpita koridoni
anakula mkate amesimama, kofia kichwani,
simu mkononi, kioo kimewaka.
Nilidhani anatazama matokeo ya mpira wa magongo.

Na kanuni tuliiandika wenyewe, kwa huruma:
msiba wa ndugu wa damu, meneja asisubiriwe.
Mfumo, mzima sasa, ukaidhinisha papo hapo.
Sinikka alinyoosha kidole auzuie;
ujumbe ulikuwa umeshafika:
*Ombi lako limekubaliwa. Likizo njema.*

Hakusema kitu. Akavaa viatu,
kimoja kamba zikining'inia,
akashuka ngazi kuelekea mashine ya tatu, kwenye kelele,
mkono wa kulia ukiwa tayari umekunjwa
kama wa mtu anayekwenda kubisha.