Daftari la Kijani

Daftari langu lina jalada la kijani,
pembe moja imelowa chai,
na kila mstari ndani yake
umelipiwa na aibu ya mtu.

Ukurasa wa kwanza: UDI.
Harusi ya Mwanakheri, hapa hapa Northampton.
Shangazi mtu kawasha chetezo
chini ya kile kidude cheupe cha darini,
king'ora kikalia kama kilichoporwa mtoto,
tukatolewa wote nje mvuani,
bibi harusi na hina mbichi, mikono juu
kama aliyekamatwa,
wazima moto wakaingia na mashoka yao
wakakuta ubani.

Ukurasa wa tatu: SAA.
Kadi ilisema saa mbili, basi.
Waliozaliwa huku wakaja mchana
wakamkuta mfagizi.
Waliozaliwa kule wakaja usiku
wakawakuta waliozaliwa huku wamenuna,
na katikati yao saa sita nzima
na pilau lililoganda.
Siku hizi naandika saa zote mbili,
ya kwetu na ya kwao,
na chini yake: jua litakuwa wapi.
Na ikiwa ni mwisho wa Machi nauliza tena,
maana kuna usiku mmoja
nchi hii huiba saa nzima, na hakuna anayeshtaki.

Shemeji yangu Shebe hunicheka.
"Mipango si matumizi, dada."
Najua.
Lakini matumizi bila mipango
ni fujo yenye risiti.

Ikafika zamu ya Salha, binti wa dada yangu.
Miezi mitano nilimpigia Bwana Pritchard, mshika funguo,
hata mkewe akaijua kikohozi changu.
Magari yataegeshwa wapi?
Jiko lina moto mangapi, na lipi linadanganya?
Nikahesabu viti kwa kuvigusa.
Nikampa Nasri, miaka kumi na moja,
kazi ya kushika mwavuli juu ya chetezo, nje, mlango wa nyuma,
naye akasimama pale kama analinda benki.

Mvua ilikuja. Ilikuwamo daftarini.
Mpiga picha alichelewa. Alikuwamo daftarini,
nilimwambia mapema kwa saa nzima.
Biriani lilishuka likifuka,
king'ora kikatutazama kwa jicho lake jekundu,
kikanyamaza.

Ndipo Salha akasimama mbele ya safu ya kwanza
asikae.

Kadi za majina niliziandika mwenyewe,
usiku mmoja, kumi na mbili,
mkono unakwenda, akili iko kwenye vijiko.
Kiti cha tatu, kwa mwandiko wangu uleule:
Mama Salha.

Dada yangu tulimzika majira ya baridi ya juzi,
ardhi ngumu, mashine ikachimba.

Nilikwenda mbio na viatu vyangu vya kukopa,
nimeshanyoosha mkono niikwapue ile kadi,
Salha akanishika kifundo.
Hakusema kitu.
Akaweka pochi yake juu ya kiti
kama mtu anayemwekea mwenzake nafasi
aliyekwenda kunawa.
Mpaka mwisho hakuna aliyekikalia,
hata watoto.

Usiku, kwenye kufunga,
mama mmoja wa Luton akaniambia huku akijaza kopo lake la kubebea:
"Ninyi mna bahati. Shughuli imejiendea yenyewe tu."
Nikamwongezea kachumbari.

Bwana Pritchard alinirudishia amana yote.
Nikakaa garini, taa ya ndani imewaka,
daftari magotini.
Niliandika: mwavuli, mkubwa zaidi.
Niliandika: vijiko, pungufu kumi na viwili,
muulize mama wa Luton.
Niliandika: kiti cha tatu,
nikaweka nukta mbili,
kalamu ikabaki hewani.

Shebe akapiga honi nyuma yangu.
Nikazifunga zile nukta mbili ndani ya jalada
jinsi zilivyo.