Daftari la Lango la Pili

Mwaka wa kumi na nne huu nachana tiketi
uwanja wa Ruashi, lango la pili,
lile ambalo bawaba yake ya juu iling'oka
msimu tuliochukua kombe.
Hatujaitengeneza.

Nina daftari. Shule yangu iliishia darasa la sita,
lakini kuhesabu vichwa hakudai diploma.
Jumapili ya ubingwa: elfu sita, mia mbili na saba,
mbali na watoto waliopitia tundu la ukuta nyuma ya choo
(nalijua tundu hilo; bega langu ndilo lililolipanua).
Wauza munkoyo waliishiwa kabla ya mapumziko.
Mtu mmoja aliuza kivuli: franga mia tano
kusimama ubavuni mwa lori lake.

Halafu Chumamoto wakaanza kupoteza.
Mechi ya kwanza watu walimlaumu refa.
Ya pili, nyasi. Ya tatu, kocha, na mke wa kocha.
Ya nne hawakumlaumu mtu.
Hawakuja.
Mia nane. Mia tatu na kumi. Tisini.
Kalamu moja ikanitosha msimu mzima.

Mdogo wangu Ngoie yuko Marekani, mji wa baridi,
anafagia jukwaa baada ya mechi.
Akanipigia usiku: "Kaka, timu ya hapa ni ya mwisho kabisa,
na haishuki. Hapa hakuna daraja la kushukia.
Elfu kumi na nane wamekaa tu, wanakula soseji."
Nikamuuliza: wanalipwa kuja?
Akacheka mpaka simu ikazimika.
Simu ilizimika kwa sababu ya umeme wetu,
lakini napenda kusema ni kicheko.

Tangu hapo nina swali limenikaa kooni kama mwiba wa samaki:
watu ndio wanaofuata ushindi,
au ushindi ndio unaotembea nyuma ya watu,
polepole, kama mbwa asiye na mwenyewe,
ukisikiliza kelele ziko wapi?

Rais wa klabu husema: Tushinde, watakuja.
Kapteni Kabange husema: Waje, tutashinda.
Wamesemezana hivyo mwaka mzima mbele ya lango langu,
na hakuna hata mmoja wao aliyenunua tiketi.

Nikafungua daftari, nikapekua kwa kidole chenye mate.
Watu elfu nne: tumefungwa matatu bila.
Elfu mbili na ushee: sare, na mawe.
Februari, mvua inapiga mabati, matope mekundu hadi goti,
watu kumi na saba:
tumeshinda manne.
Siku hiyo kila pasi ilisikika ikiondoka mguuni.
Golikipa alimwita beki wake jina la nyumbani
na sisi sote kumi na saba tukalisikia.

Mmoja wao ni Mama Numbi, muuza makala.
Haijawahi kumpita mechi, vidole vyeusi, noti nyeusi.
Nilimwambia mara moja: pita, mama, leo bure.
Akanitazama kama niliyemtolea bukari iliyolala.
"Nikiingia bure," akasema,
"wakifungwa nitawatukana kwa haki gani?"

Wanasema nzi kufia kidondani si hasara.
Sijui. Sijamuuliza nzi.
Najua tu kwamba tiketi yake huichana taratibu,
katikati sawasawa,
na kipande changu sikitupi pamoja na vingine.

Jumapili iliyopita niliandika: kumi na nane.
Huyo mpya ni kijana wa viatu vya plastiki,
mfukoni ana franga zilizokunjwa hadi kuwa kidonge.
Akauliza: "Hawa wanashinda?"
Nikamchania.
Nikamwonyesha ngazi, mstari wa tatu,
akae karibu na yule mama,
ajifunze maneno.