Ufuta wa Mfalme

Msimu umefungwa. Ghala la Nachingwea limebaki na vumbi,
mimi karani wake, na kitabu kisicho na jalada
alichokisahau mwalimu wa kujitolea juu ya mizani.

Kumbe Misri nao walilima ufuta.

Nilidhani huko ni mawe tu, na maiti waliovishwa vitambaa.
Kumbe kulikuwa na mtu ameinama shambani kama mama yangu kule Naipanga,
akikata mabua kabla hayajapasuka,
akiyasimamisha yaegemeane, midomo juu, yakauke,
na Myunani mmoja mwenye taji, mbali, Iskandaria,
ameshaijua hesabu yake.

Miaka mia tatu hivi, Ptolemayo kwa Ptolemayo,
jina moja likirithiwa kama joho lisilofuliwa,
walikalia nchi bila kujifunza hata kuiamkia.
Mbegu ya mfalme. Bei ya mfalme.
Mavuno yakiisha, vinu vya mafuta vilipigwa lakiri
asije mjane akajikamulia kibaba usiku.
Mafuta ya jasho lako ukayanunue kwake.

Nikacheka peke yangu, kicheko cha puani.

Ukutani mwa mahekalu walichongwa kama mafarao,
bega kwa bega na miungu yenye vichwa vya ndege.
Lakini risiti, ah, risiti ziliandikwa Kiyunani.
Basi alitakiwa mtu wa katikati.
Kitabu hakimtaji. Mimi namjua:
anasikia kwa lugha ya mama, anaandika kwa lugha ya mshahara,
na kati ya sikio na kalamu kilo mbili zinaanguka.

Mwezi wa sita alikuja Bibi Asumini Mnali na gunia moja.
Alinisemesha Kimwera. Nikamjibu Kiswahili cha fomu,
maana meneja alikuwa kisogoni pangu.
Nikakata uzito wa gunia, nikakata takataka, nikakata unyevu.
"Kata, mwanangu," akasema. "Kata na kivuli changu."

Wapo waliochoka kukatwa. Waliacha majembe kwenye matuta
wakakimbilia hekaluni, asikoingia mtoza kodi.
Kusini wakasimika farao wao, akafuatia wa pili, miaka kama ishirini.
Kusini. Neno hilo nimelisoma mara mbili.

Malkia wa mwisho, wanasema,
ndiye wa kwanza kuijua lugha ya nchi.
Alipokwisha kuijua, Mrumi alikuwa mlangoni
na mizani yake kwapani.

Nimefagia. Punje za sakafuni nimezipima:
kilo mbili na robo, hazimo katika daftari la mtu.
Nimezifunga kwenye kitambaa, nimekifungua, nimekifunga tena.
Sijui kama nitapanda pikipiki kwenda kwa Bibi Asumini.
Najaribu kwanza ile salamu, ya Kimwera, polepole,
ulimi unagonga meno kama mgeni
asiyejua mlango unafungukia wapi.