Vidoko

Mita mia. Ingegerd amezipima kwa hatua zake za utarishi:
miaka thelathini na mmoja alipeleka barua vijiji vya Jämtland,
hatua yake haina uongo.
Karatasi ameigongomea kwenye mlango mkuukuu wa zizi,
nyuma yake ukuta wa kokoto, machimbo yaliyokwisha kazi,
na mvua ile ya Agosti isiyoamua kama ni mvua.

Nimelala kifudifudi, mtutu juu ya kifuko cha mchanga.
Ndani ya darubini nyuzi mbili zimepishana
juu ya duara jeusi, na duara linapumua
kwa sababu mimi ninapumua.

Ya kwanza: juu, kulia.
Ya pili: chini kabisa, karibu na bawaba.
Ya tatu haikuonekana popote.

Mkono ukanitoka kwenda kwenye kifundo cha kurekebishia.
"Acha," akasema. "Utarekebisha ipi?
Anayetangatanga huwezi kumwelekeza
kabla hajasimama."

Nikaacha. Mbu wakanila shingo.
Mwezi wa kumi ukanirudia:

kulungu wa kaskazini, yule mrefu kumpita farasi,
pembe zake masinia mawili,
amenipa ubavu kati ya misonobari, mita tisini,
hana habari na mtu.
Nililenga nyuma ya bega. Nilijua ni nyuma ya bega.
Risasi ikaingia tumboni.

Siku mbili. Theluji ya kwanza, na damu
kama vitunda vyekundu vya msituni, kimoja hapa, kimoja kule,
na mara nyingine vilikuwa vitunda kweli,
tukapoteza saa nzima.
Sotis, mbwa wa Ingegerd, pua chini, hakuuliza nani alikosea.
Mimi niliteleza kwenye mawe ya kijito
nikaangukia bunduki.
Tulipomkuta alikuwa amelala, kichwa juu,
akitutazama kama mwenye nyumba
anavyowatazama wageni waliochelewa.
Ingegerd ndiye aliyemaliza. Mimi sikuombwa.

Jioni, mezani, hakuna aliyesema neno.
Evald alinisogezea chumvi, nami sikuwa nimeitaka.

Sasa Ingegerd anainyanyua bunduki,
anaishika darubini kwa vidole viwili
kama anayeshika jino la mtoto.
Imecheza.
Unywele tu, lakini imecheza.
Skrubu ya nyuma. Bisibisi ikazunguka robo, ikazunguka nusu,
ikakaza hadi chuma kikagoma.

Mchagua jembe si mkulima:
ndivyo nilivyojiambia majira yote ya baridi,
nikalivaa kosa langu kama koti la marehemu,
linabana kwapani, lakini ni langu.
Leo naonyeshwa jembe lenyewe, mpini unacheza,
na bado koti halivuki.

"Ililegea lini?" nikamwuliza. "Kabla ya kulungu,
au pale nilipoanguka?"
Anafuta bisibisi kwenye suruali.
"Skrubu haiandiki tarehe."

Tatu nyingine. Zote tatu
zingefunikwa na kikombe kimoja cha kahawa,
sentimita saba kulia, nne chini.
Kosa lililosimama. Hili lina dawa.

Kifundo kinalia kidoko kwa kila sentimita,
kama ulimi wa mama asiyetaka kugomba mbele ya watu.
Saba kwenda kushoto. Vinne kwenda juu.
Kumi na kimoja, nikavisikiliza vyote.

Kisha moja, taratibu, pumzi ikiwa nusu.

"Hapo," akasema Ingegerd,
akaanza kukunja turubai, akaenda garini.

Nikazitembea mita zake mia kuifuata karatasi.
Tundu la mwisho liko katikati, kidole changu kidogo kinaingia.
Nikaitafuta na ile ya tatu, ya mwanzo,
kwenye mbao, kwenye fremu, nikachokonoa kokoto kwa kisu,
mpaka akapiga honi.