Vikombe Thelathini na Sita

Alfajiri ya Buhindi, umande haujakauka,
nainama kwenye kikombe cha kwanza.
Kimefukiwa, mdomo sawa na udongo,
ndani maji ya sabuni, vidole viwili;
atembeaye usiku bila kutazama chini
hulala humo.

Kumi na viwili penye miti ya kale,
kumi na viwili penye fyeka,
kumi na viwili chini ya misindano iliyopangwa foleni
kama wanafunzi wanaosubiri uji.
Kibano, vichupa, spiriti, karatasi, penseli.
Wino hukimbia mvua. Penseli haikimbii.

Penye miti ya kale
baba yangu alipasua mbao na Kaswamila.
Msumeno mmoja, watu wawili, shimo moja.
Kaswamila juu ya gogo, anaiona anga;
baba chini shimoni, unga wa mbao machoni,
hata siku ya harusi yake alipepesa.
Walitoa mti mmoja, wakahama hatua mia mbili,
si kwa huruma:
gogo lilikuwa zito na migongo ilikuwa yao.
Matawi yakabaki, mabanzi yakabaki, kisiki kikabaki,
na ndani ya kuoza kwao ukaanza mji:
dundu mwenye pembe, mweusi kama sufuria ya msibani,
yule wa kijani ang'aaye kama gamba la sato,
mwembamba mwenye vipapasio virefu kuliko mwili,
na funza wao wanene, weupe,
wakila gogo moja miaka mitatu
bila haraka ya mtu yeyote.

Penye fyeka ilipita mashine.
Siku tisa. Nilikuwepo, niliwapikia madereva chai.
Kilichosimama kililazwa, kilicholala kiliburutwa,
matawi yakaenda tanuri la mkaa,
visiki vikang'olewa vikaenda hukohuko,
kilichosalia kikapigwa kiberiti.

Sasa nisikilize hapa.
Nilipojumlisha, fyeka iliongoza.
Madundu mia nne na kumi; msituni mia mbili na sitini.
Bwana Lugembe wa ofisini akapiga meza:
"Unaona, Nyanjige? Wameongezeka!"
Nikamwonyesha safu ya pili, ile ya aina.
Msituni, arobaini na moja.
Fyekani, saba.
Na katika wale mia nne, karibu wote ni yuleyule,
mdogo, wa kahawia, mkimbiaji wa jua,
awezaye kuishi hata katikati ya uwanja wa mpira.
Soko la watu mia nne, wote wauza chumvi,
utarudi nalo nyumbani na kitoweo gani?
Lugembe akasema fomu ina kisanduku kimoja tu.

Misindano, kimya cha wodini.
Vikombe vitano vitupu. Cha sita kina sindano.

Vimulimuli nao ni madundu.
Nimejua ukubwani; utotoni nilidhani
ni kitu ambacho usiku huja nacho, kama baridi.
Sasa ukisimama fyekani, mwezi ukiwa haupo,
unaliona ziwa. Zamani halikuonekana.
Taa za wavua dagaa, mamia, zinayumba majini.
Nilisema, pazuri. Nusu dakika nzima nilisema pazuri.
Kisha nikakumbuka mbao za mitumbwi ile
zilipasuliwa wapi.

Kesho vichupa vinavuka Kamanga kwenda Mwanza,
vimefungwa kwa kanga kati ya matenga ya sangara.
Jana nilifungua gunia la mahindi, likamwaga unga:
dumuzi. Dundu huyu hatafutwi kwa kikombe.
Huyu hajawahi kukosa.

Baba, macho yake yamebaki ukungu,
huniuliza kila jioni kitu kimoja:
yule mwenye pembe, bado yupo?

Leo yupo. Kikombe cha tisa, penye miti ya kale,
bado anapiga mateke.
Nilimpangusa sabuni kwa pindo la gauni,
nikamweka kwenye gome, akaingia ufani kinyumenyume.
Karatasini nimeandika: mmoja.
Kichupani hayumo.