Sekunde ya Arobaini na Moja

Bawa la turbini lilipopasuka, Sohar, mwezi wa nane,
vihisi mia na ishirini na nane vilikuwa macho.
Vyote vilisikia. Vyote vilisema.
Aliyesinzia ni mwandishi.

Faili nimelifungua mara ngapi, sijui.
Sekunde ya arobaini: mawimbi yamepangika kama shanga.
Sekunde ya arobaini na mbili: fujo, vyuma vinalia.
Katikati, weupe,
robo tatu ya sekunde, safi
kama sahani iliyolambwa.

Bwana Thuwaini hakupiga kelele.
Aliuliza tu, kwa Kiswahili chetu cha Ruwi,
kile anachokitoa mfukoni jambo likiwa zito:
"Zuwena, tumeteketeza riali elfu tisini
tununue pengo?"

Nikapewa wiki mbili nitafute mwandishi mwingine.
Gigabaiti mbili kila sekunde, bila kupumua.

Kwanza diski za kuzunguka, kumi na mbili kabatini,
bei ya huruma, tumbo la kumeza mwaka mzima.
Nikaziweka kando ya mashine.
Sakafu ilipoanza kutetemeka, nazo zikatetemeka,
zikaandika kwa kigugumizi:
shahidi wa ajali aliyekuwemo garini.

Kisha akaja muuzaji kutoka Sharja,
marashi yamemtangulia mlangoni,
mkononi kijidude chembamba kama biskuti.
"Gigabaiti saba," akasema, na karatasi ikasema hivyo hivyo.
Nikamwambia, tukiache kiandike dakika ishirini.
Akacheka. Nani anapima dakika ishirini?

Sekunde thelathini kilikimbia kama alivyoapa.
Halafu mfuko wake wa mbele ukajaa.
Saba zikawa mbili.
Joto likagonga nyuzi themanini,
mbili zikawa moja, na hiyo moja yenyewe kwa kubembelezwa.
Muuzaji akaomba maji.

Usiku nilimsimulia mama, huku anamenya vitunguu saumu.
Mama aliandika hatimkato mahakamani Unguja,
kisha Maskati, ofisi ya bima, mpaka kidole cha shahada kikapinda.
Hajui gigabaiti. Akasema:
"Kwenye mtihani wetu alikuwako Ruzuna.
Dakika ya kwanza hakuna wa kumfikia.
Ya sita, mkono ukamganda, mwalimu bado anasoma."
Akapuliza maganda.
"Mimi nilikwenda na penseli sita, nimezichonga usiku.
Ikifa moja sisimami."

Nikauliza: na neno likikupita?
"Likinipita limenipita. Sikulibuni.
Niliacha nafasi, pembeni nikaandika saa."

Asubuhi nikaagiza nne za polepole:
polepole kwenye karatasi, maana yake
ya kwanza na ya elfu moja zinalingana.
Zinagawana sentensi, kila moja na neno lake.
Mbele yake kumbukumbu pana, kama bakuli chini ya bomba,
diski ikijikwaa, tone lisimwagike.
Feni mbili. Droo ya kuchomoa kwa mkono mmoja,
maana kutuma vyote hivyo Maskati kwa waya
ni kumimina bahari kwa kijiko cha chai.
Na sharti moja nililoliandika kwa wino mwekundu:
ikikosa, iseme imekosa, na saa ngapi.

Mhasibu alikuna kumma yake,
akauliza kwa nini tunalipia zaidi kitu kisicho na haraka.
Nikamwonyesha weupe ule.
Akatia sahihi.

Mwezi wa kumi na moja tuliwasha turbini nyingine.
Hakuna kilichopasuka. Dakika ishirini,
taa ya kijani haikupepesa.
Wenzangu wakaenda kunywa karaki.

Mimi nikafungua sekunde ya arobaini na moja.
Mawimbi. Mawimbi ya kawaida, ya kuchosha,
kila nukta imekaa mahali pake.
Nikaisoma yote, taratibu,
kama barua ya mtu ambaye hana habari.

Ile ya mwezi wa nane bado ipo kwenye diski yangu.
Sijaifuta.
Pembeni nimeandika saa.